Mama Aombe kwa Nani?

*Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kwetu ni Muheza. Baba yetu alikuwa Mwislamu, mama ni Mwanglikana, wote wazaliwa wa Bonde. Wameishi pamoja miaka 41 mpaka baba alipofariki mwezi uliopita. Sisi watoto tumelelewa Kiislamu, ila Krismasi tulikuwa tukimsindikiza mama mpaka mlango wa kanisa, na baba ndiye aliyekuwa akimpakia kwenye baiskeli.*

*Usiku wa tatu wa matanga mama alianza kumwombea baba kwa sauti. Kaka yangu mkubwa, ambaye siku hizi ameishika dini sana, akamwambia mbele ya watu: "Mama, acha. Huyo unayemwomba siye aliyeabudiwa na baba." Hatujapumua, mama mdogo, ambaye ameokoka na anasali Dar es Salaam, akadakia: "Kwa hilo mwanao kasema kweli. Mumeo alikuwa akimsujudia mungu mwezi." Na nyama akaikataa, kwa kuwa alichinja baba mdogo.*

*Tangu usiku ule mama haombi. Hamwombei baba, haombei chakula, wala hawaombei wajukuu wakienda shule. Juzi aliniuliza: "Mwenzangu nilikuwa namwamsha alfajiri akamwabudu nani? Na mimi nilikuwa namwomba nani amponye?" Nikakosa la kusema. Arobaini ni wiki mbili zijazo. Kaka anataka kuuondoa msala wa baba chumbani kwa mama, eti hauwezi kukaa chumba kimoja na msalaba. Bibi, ni kweli tunaabudu miungu tofauti? Nimwambie nini mama?*

Poleni sana na msiba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika nikaiweka pembeni. Mara ya pili nilicheka kidogo, unisamehe, maana usiku ule katika nyumba yenu nzima watu wawili tu walikubaliana kuhusu Mungu, nao ni kaka yako na mama yako mdogo, ambao katika mengine yote kila mmoja anamwona mwenzake kuni za motoni. Mara ya tatu nilifika kwenye swali la mama, na hapo sikucheka.

Tuanze na jina, kwa sababu hilo ndilo jepesi. Mama yako mdogo anadhani Allah ni jina la mungu fulani wa Waarabu, kama mtu anavyoitwa Juma. Ni neno la Kiarabu la kusema Mungu, basi. Mkristo wa Misri au Lebanoni akifungua Biblia yake ya Kiarabu kwenye Mwanzo sura ya kwanza, aliyeumba mbingu na nchi anaitwa Allah. Malta, kisiwa chenye Wakatoliki wengi, lugha yao ina asili ya Kiarabu, na padri akiwa madhabahuni humwita Mungu Alla. Kiaramu, lugha aliyokulia Yesu, kina neno la ukoo huo huo, na Wakristo wa Syria wanaosali kwa Kisiria humwita Mungu Alaha mpaka leo. Kule Malaysia Wakatoliki walikwenda mahakamani kupigania haki ya kulitumia neno hilo. Serikali ililizuia gazeti lao, The Herald, kuandika Allah, kwa hoja kwamba neno ni la Waislamu. Mahakama Kuu ikawapa Wakatoliki ushindi siku ya mwisho ya mwaka 2009, Januari makanisa kadhaa yakashambuliwa kwa moto, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Ningependa siku moja nimkalishe mama yako mdogo na Wakatoliki wale mkeka mmoja, wao wanalililia neno, yeye analikimbia.

Na huo mwezi? Kurani, sura ya Fussilat, aya ya 37, inakataza waziwazi kulisujudia jua au mwezi, na kuamuru asujudiwe aliyeviumba. Waislamu wanauangalia mwezi kwa ajili ya kalenda, wajue Ramadhani imeingia lini na Idi ni lini. Na kama kuangalia mwezi ni kuuabudu, mama mdogo aiangalie vizuri Pasaka yake. Inakuja Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, ndiyo sababu kila mwaka inahamahama.

Sisi wenyewe neno letu ni Mungu, na halikuja na jahazi wala na meli ya wamisionari. Ni neno la Kibantu. Ndugu yake, Mulungu, yuko kwa Wamijikenda, kwa Wagogo, na mpaka Malawi. Maandishi ya zamani ya Kiswahili yaliandika Muungu. Wamisionari walipotafsiri Biblia walilikuta neno likitumiwa na Waislamu wa pwani, wakalichukua. Godfrey Dale, padri wa Kianglikana, alipochapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, alilitumia hilo hilo, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye hakupendezwa hata kidogo na kazi ya Dale, alipotoa Kurani Takatifu yake mwaka 1969 aliandika Mwenyezi Mungu. Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka 29. Kila asubuhi watoto wenye kofia na watoto wenye misalaba shingoni walisimama mstari mmoja wakaimba wimbo wa taifa unaoanza kwa kumwita Mungu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, yupi?"

Lakini jina peke yake halitoshi, na kaka yako analijua hilo. Hoja yake ni nzito kuliko ya mama mdogo na haifai kupuuzwa. Hagombanii jina. Anasema mama anamwomba Mungu aliye Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na marehemu alimwabudu Mungu asiyezaa wala kuzaliwa, hivyo wanaoelezwa namna hizo mbili hawawezi kuwa mmoja.

Rudi kidogo kwenye matanga ya baba yako. Bila shaka mlisikia mengi. Pengine wa msikitini walimsifu kwa kuwahi safu ya mbele. Pengine wa sokoni walimkumbuka kwa bei asiyokubali kuishusha. Labda mmoja alimsema bahili, na mwingine akasimulia alivyolipiwa ada ya mtoto. Mama yako anamjua kwa mengine ambayo hatayasema. Maneno yale hayalingani, na mengine yanapingana kabisa. Bahili na karimu hawawezi wote kuwa kweli. Ila hakuna aliyefikiri mmezika watu wawili. Mliposema "hapana, mzee hakuwa hivyo," mliweza kusema hapana kwa sababu mlijua anazungumziwa nani. Lakini angetokea mtu akalia kwamba marehemu alikuwa nahodha wa meli, mzaliwa wa Lamu, ameacha wajane watatu, mngemshika mkono taratibu: baba, umekosea msiba.

Basi swali lako, mwanangu, ni hilo. Mkristo na Mwislamu wamefika msiba mmoja wakasimulia tofauti, au mmoja wao amekosea msiba?

Mimi nasema msiba ni mmoja. Wote wawili wanamkusudia aliyeumba mbingu na nchi peke yake, aliyemwita Ibrahimu akahama kwao, aliyemtuma Musa kwa Firauni, aliyempa Mariamu mtoto pasipo mume, na atakayetuhukumu siku ya mwisho. Mwenye alama hizo zote ni vigumu kumchanganya na mwingine. Baada ya hapo ndipo wanapoachana, tena wanaachana vibaya. Mmoja anasema Mungu huyo alitwaa mwili akasulubiwa. Mwenzake anasema kumsema hivyo Mungu ni dhambi isiyo na mfano, na msalaba wenyewe anaukataa. Sitakudanganya kwamba hizo ni rangi tu za kanga moja. Kuna anayepatia na kuna anayekosea, na jambo lenyewe si dogo. Ila ni ubishi juu ya mmoja.

Kaka yako asinisikilize mimi, asome kitabu chake. Sura ya Al-Ankabut, aya ya 46, inawaelekeza Waislamu wawaambie Watu wa Kitabu kwamba Mungu wa pande zote mbili ni mmoja. An-Nisaa, aya ya 171, inawakemea Wakristo waache kusema utatu, na angalia inavyowakemea: inawakosoa wanavyomsema Mungu, haiwaambii kwamba wana mungu wao mwingine aliyejificha mahali. Atakuletea Al-Kafirun, kwamba nyinyi na dini yenu nami na yangu. Mkumbushe kwa upole kwamba wafasiri wanasema ilishuka kwa ajili ya washirikina wa Makka, waliokuwa na masanamu yao ndani ya Al-Kaaba. Halafu kuna Al-Maida, aya ya 5, inayohalalisha chakula cha Watu wa Kitabu na kumruhusu Mwislamu kuoa mwanamke wao mwenye staha. Hiyo peke yake haimalizi hoja; sheikh makini atakwambia ruhusa ni ruhusa, haitakasi itikadi. Lakini baba yenu alioa kwa aya hiyo. Kaka yako ni mtoto wa aya hiyo.

Kwa upande wa Wakristo majibu hayafanani. Kanisa Katoliki lilitamka katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati ya mwaka 1964 juu ya Kanisa na nyingine ya Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, kwamba Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja, mwenye rehema, Muumba. Wala si maneno ya juzi. Mwaka 1076 Papa Gregori wa Saba alimwandikia mtawala Mwislamu wa nchi ambayo leo ni Algeria kwamba wote wawili wanamkiri Mungu mmoja, ingawa kwa namna tofauti. Miaka 19 baadaye Papa mwingine akaitisha vita vya msalaba. Ndiyo dunia.

Waprotestanti wengine wanakataa katakata. Desemba 2015 profesa mmoja wa Marekani, Larycia Hawkins, aliyekuwa akifundisha Wheaton College, chuo cha Wakristo wa kiinjili karibu na Chicago, alijifunga hijabu kuonyesha yuko pamoja na Waislamu, akaandika kwamba wanaabudu Mungu mmoja na Wakristo. Chuo kikamsimamisha, na Februari mwaka uliofuata wakaachana. Waliompinga walikuwa na andiko: barua ya kwanza ya Yohana inasema amkanaye Mwana, hanaye Baba pia. Hilo ni andiko zito na mama yako mdogo anayo haki ya kulishika.

Ila muulize jambo moja, kwa heshima. Wayahudi je? Nao hawaukubali utatu, nao wanamkataa Yesu kuwa Mwana wa Mungu. Katika makanisa mengi kama lake utakuta bendera ya Israeli ukutani, na sijasikia hata mhubiri mmoja akisema Wayahudi wanasujudia mwezi. Kama kumkataa Mwana kunamfanya mtu awe na mungu mwingine, basi na iwe hivyo kwa wote. Halafu asome Yohana sura ya 4. Yule mwanamke Msamaria aliambiwa na Yesu kwamba watu wake wanaabudu wasichokijua. Neno kali! Ila kutokujua unayemwabudu ni jambo moja, kumwabudu asiye yeye ni jambo jingine. Paulo naye alipofika Athene, mji uliojaa sanamu, alishika madhabahu ya mungu asiyejulikana akaanzia hapo kuwahubiria.

Najua kuna atakayeniuliza: na Wahindu? Na wazee wetu wa mizimu? Hapo alama za kumtambua anayezungumziwa ni chache zaidi, na kwa Wabudha swali lenyewe halikai hivyo. Kwenu Muheza haliwahusu, niliache.

Niseme kitu kuhusu kaka yako kabla hujamchukia. Nilipokuwa mwalimu kijana, mihadhara ilikuwa imepamba moto. Jioni viwanjani, vipaza sauti viwili, mmoja na Biblia na mwingine na Kurani, kila mmoja akisoma kitabu cha mwenzake kumwumbua. Tulikwenda kama tunavyokwenda mpirani, tukirudi tunahesabu magoli. Mimi mwenyewe niliwahi kurudi nyumbani nikamfunga jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa akinilelea mtoto, magoli matatu bila majibu juu ya imani yake. Hakugombana nami. Kesho yake alikuja kumchukua mtoto kama kawaida, ila salamu yake ya "Mungu akulinde" hakuitoa tena. Niliikumbuka niliposoma kuhusu mama yako. Kaka yako ana maarifa mapya, na mtu mwenye maarifa mapya anatafuta pa kuyatumia. Bahati mbaya ameyatumia kwa mjane wa siku tatu.

Kwa hiyo usimwite umfunge kwa aya nilizokupa. Mwite peke yake, umkumbushe moja tu: Luqman, aya ya 15. Inamwambia mtoto kwamba hata wazazi wakimshurutisha kushirikisha, asiwatii, lakini akae nao duniani kwa wema. Mama yenu hakumshurutisha yeyote. Bila shaka alikuwa akiwapikia daku. Kaka ana haki ya kuamini kwamba imani ya mama ina kasoro, hata kwamba haitamfikisha, na sitamwomba abadili msimamo huo. Deni lake kwa mama ni kwa yale aliyomtendea mbele ya watu. Akamwombe radhi, na kwa kuwa alimwaibisha ukumbini, radhi nayo iwe ukumbini.

Kwa mama mdogo una kazi nyepesi. Nyama anayonunua buchani Dar es Salaam, yeye anadhani machinjioni Vingunguti huchinja nani? Tangu enzi na enzi desturi yetu ni kwamba shughuli ikiwa ya watu wote, huitwa Mwislamu ashike kisu ili kila mgeni ale, na sijui Wakristo wangapi wameolewa kwa pilau ya namna hiyo wakabaki Wakristo. Paulo mwenyewe, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, aliwaambia wale kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza. Kama dhamiri bado inamsumbua, asilazimishwe. Siku ya arobaini baba yako mdogo achinje kama alivyofanya siku zote. Haifai anyang'anywe kisu katika ua wa kaka yake. Pembeni pikeni na samaki, changu au kolekole, mnunue mapema Tanga mjini. Samaki hachinjwi, hatajiwi jina la yeyote, na Mwislamu na mlokole wote wanamla. Mpakueni bila kusema kapikwa kwa ajili ya nani. Kaka yako huenda akawa na lake la kusema kuhusu hitima na arobaini yenyewe, maana wenye msimamo kama wake wengi huiita bidaa. Huo ni mjadala wa Waislamu kwa Waislamu, wazee wa msikiti wenu wanaujua, nao usiwe mzigo wa mama.

Sasa mama.

Hilo la kwanza, kwamba mwenzake alimwabudu nani, mjibu bila kuumauma maneno. Mwambie: alimwabudu Muumba wake, na aliyemwamsha ni wewe, mama. La pili, kwamba yeye alimwomba nani amponye, mwambie alimwomba Mungu yule yule aliyefundishwa kumwomba tangu alipobatizwa, na kwa njia aliyofundishwa. Asihisi kwamba kumtambua Mungu wa mumewe kunamlazimu aifute ile "kwa jina la Yesu" mwishoni mwa sala yake. Marehemu aliisikia miaka 41 na hakuomba ifutwe.

Akikuuliza kama sala hizo zilipokelewa, mwanangu, hapo nyamaza. Wala kaka wala mama mdogo hawalijui hilo, ingawa usiku ule walisema kama waliotoka kusoma daftari la mbinguni asubuhi yake. Na kuhusu kumwombea aliyekwisha kufa, huko mama mdogo anapinga kwa sababu nyingine kabisa: walokole hawawaombei wafu. Waanglikana wa Bonde, waliolelewa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA kule Magila, wanawaombea. Mpeleke mama kwa padri wake, mkaongee naye ninyi wawili, mumwombe amtaje mzee katika sala siku mama atakapokuwa tayari. Padri akisita, mama ana kitanda, ana magoti, na hahitaji kibali cha mtu.

Usimhimize aombe. Wewe mwenyewe, watoto wakitoka kwenda shule, waambie wapite kwa bibi yao kumuaga, wasimame kidogo mlangoni kama walivyozoea. Atakapokuwa tayari watakuwa wamesimama pale.

Msala wa baba usiondoke chumbani mpaka mama mwenyewe aseme ukunjwe. Kaka akiutaka sana kwa ukumbusho, kuna kofia na kuna tasbihi, achague. Nina hakika kwa miaka 41 ule msala ukiingia vumbi aliyekuwa akiukung'uta hakuwa baba yenu.